Ufizi Unapotoka Damu Kwenye Kipandikizi cha Jino: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Watu wengi wenye kipandikizi cha jino, wakiona damu kwenye ufizi, hufanya mambo mawili kabla ya kumwona daktari. Kwanza huacha kupiga mswaki mahali pale, kwa kuogopa kupaumiza zaidi. Pili hupita duka la dawa la mtaani wakanunua kapsuli za antibayotiki za siku tatu. Yote mawili huliacha tatizo palepale, na mara nyingi hulizidisha. Damu ile kwa kawaida hutoka kwa sababu uchafu umekaa. Tiba yake ni kuutoa uchafu huo, kisha kutafuta kilichoufanya ukae.

Nimeandika kwa ajili ya mtu aliyewekewa kipandikizi na sasa yuko nyumbani, iwe Kampala au Arua, Mbale au Mbarara, pengine mbali kabisa na daktari aliyemwekea. Wako waliowekewa India, Nairobi au Dubai wakarudi na tabasamu zuri, na hawajui wamuulize nani ufizi unapoanza kuvimba. Mengi ya matatizo haya ni madogo na yanapona kabisa. Ila yanapona yakishughulikiwa mapema, wakati mfupa bado haujaguswa.

Kwa nini ufizi huu unahitaji uangalizi kuliko ule wa jino la asili

Kipandikizi ni skrubu, mara nyingi ya titaniamu, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya hadi mfupa unashikamana nayo. Msingi wa kazi hii uliwekwa na Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Juu ya skrubu hukaa kiunganishi, na juu ya kiunganishi hukaa kofia ya jino, ile sehemu nyeupe inayoonekana.

Jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzinyuzi zinazoingia ndani ya mzizi wenyewe, na kati ya mzizi na mfupa kuna utando wenye mishipa mingi ya damu. Kipandikizi hakina utando huo. Nyuzinyuzi za ufizi zinakizunguka tu, kama kola ya shati inavyozunguka shingo, bila kujichomeka ndani yake. Kwa hiyo bakteria wakifika kwenye ukingo wa ufizi, njia ya kushuka chini ni nyepesi zaidi, na damu inayoleta kinga ya mwili ni kidogo zaidi.

Kutokuwepo kwa utando huo kuna matokeo mengine ambayo wagonjwa hawayategemei: maumivu huchelewa. Jino la asili likianza kuugua, mara nyingi linasumbua na mtu anajua. Kipandikizi kinaweza kuzungukwa na ufizi mgonjwa kwa miezi na mwenyewe asisikie chochote zaidi ya ladha mbaya au harufu. Ukingoja maumivu ndipo uchukue hatua, huenda ukawa umechelewa.

Kuna hali mbili za kutofautisha. Ya kwanza ni ufizi kuvimba peke yake: unakuwa mwekundu, unatoka damu ukiguswa, lakini mfupa ni mzima. Hii inarudi katika afya. Ya pili ni ugonjwa uliokwisha kufika kwenye mfupa na kuula. Hapo kazi ni kubwa, gharama ni kubwa, na mfupa uliopotea haurudi kirahisi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hali ya kwanza, pamoja na majeraha madogo ya ufizi baada ya upasuaji.

Hatua ya kwanza: jiangalie vizuri

Nawa mikono kwa sabuni. Simama mbele ya kioo mchana, au washa tochi ya simu. Vuta mdomo na shavu pembeni uone ufizi wote unaokizunguka kipandikizi, upande wa nje na upande wa ulimi. Mtu wa nyumbani akikushikia tochi, utaona vizuri zaidi.

Linganisha ufizi huo na ule wa jino la jirani. Ufizi wenye afya umekaza. Rangi yake hutofautiana kati ya mtu na mtu, na wengi wetu tuna fizi zenye weusi wa asili, kwa hiyo usitegemee wekundu peke yake. Kwenye ufizi mweusi, uvimbe huonekana zaidi kwa mng'ao: ngozi inavutika, inang'aa, na ukingo wake unakuwa mnene badala ya mwembamba. Gusa kwa ncha ya mswaki laini uone kama damu inatoka. Kisha bonyeza ufizi kwa kidole, kutoka chini kuelekea kwenye kofia ya jino, uangalie kama kuna usaha unaojitokeza ukingoni.

Halafu shika kofia kwa vidole viwili uitikise taratibu sana. Haitakiwi kucheza hata kidogo. Ikicheza, kuna uwezekano wa aina mbili: skrubu inayoshikilia kofia au kiunganishi imelegea, jambo linalotengenezeka, au kipandikizi chenyewe kimeachana na mfupa, jambo zito. Mwenyewe huwezi kutofautisha kwa uhakika, kwa hiyo usiendelee kutikisa. Acha kutafunia upande huo na umtafute daktari.

Piga picha kwa simu. Piga tena baada ya wiki moja, mahali palepale na kwa mwanga uleule. Picha hizo zitamsaidia sana daktari, hasa kama ni yule aliyekuwekea na yuko nchi nyingine.

Hatua ya pili: ondoa hatari kubwa kwanza

Usianze matibabu ya nyumbani ukiwa na mojawapo ya haya. Nenda hospitali siku hiyohiyo:

- uvimbe unaoenea shavuni, chini ya taya, shingoni au kuelekea jichoni;
- shida ya kumeza, kupumua au kufungua mdomo;
- homa pamoja na uvimbe wa taya;
- damu isiyokoma baada ya kung'ata shashi safi kwa dakika 30 mfululizo.

Kuhusu homa, naomba nisisitize. Hapa Uganda mtu akipata joto la mwili, wazo la kwanza ni malaria, na huo ni utaratibu mzuri: pima. Lakini kama una homa na taya limevimba, mwambie anayekupima kwamba una kipandikizi kinachosumbua. Maambukizi ya jino yanayoshuka shingoni yanaweza kuua. Usikubali kuandikiwa dawa ya malaria tu ukarudishwa nyumbani bila mtu kukuangalia mdomoni.

Mengine yanaweza kungoja siku chache, lakini yasipite wiki: usaha, kofia inayocheza, kijipu kidogo kwenye ufizi kinachojaa na kupasuka, na ganzi ya mdomo au kidevu ambayo haikuisha baada ya upasuaji. Kidonda chochote cha mdomoni kisichopona kwa wiki 2, au alama nyeupe au nyekundu isiyofutika, lazima kichunguzwe hata kama hakiumi. Anayevuta sigara, anayetafuna kuber au mairungi, na mnywaji wa waragi awe wa kwanza kuliangalia hilo.

Hatua ya tatu: safisha, hata kama damu inatoka

Hii ndiyo tiba yenyewe. Kumewahi kufanywa majaribio ambapo watu wenye vipandikizi walikubali kuacha kuvisafisha kwa wiki 3. Fizi zao zikavimba na kutoka damu. Walipoanza kusafisha tena hali iliboreka, lakini baada ya wiki 3 nyingine ufizi wa vipandikizi ulikuwa bado haujarudi kikamilifu. Kwa hiyo uwe na subira inayozidi wiki 3, na usikate tamaa damu ikiendelea siku za mwanzo.

Tumia mswaki wenye nywele laini kabisa. Ukikosa wa mtu mzima wa aina hiyo dukani, nunua wa mtoto: kichwa chake ni kidogo, unafika nyuma vizuri, na unapatikana hata kwenye vituo vidogo vya biashara. Uinamishe ili nusu ya nywele iwe kwenye jino na nusu iguse mstari wa ufizi, kisha usogeze kidogokidogo, mbele na nyuma, bila kukandamiza. Fanya hivyo asubuhi na usiku. Kama kuna siku utashindwa kimojawapo, usiku usiachwe, maana ukilala mate hupungua na bakteria hupata nafasi.

Mswaki hauingii katikati. Nikiambiwa nichague chombo kimoja tu cha kuongeza, nitachagua brashi ndogo ya katikati ya meno, ile yenye umbo la mti mdogo. Hakikisha waya wake umefunikwa kwa plastiki, usije ukakwaruza titaniamu. Chagua saizi inayojaza nafasi bila kulazimishwa. Ipitishe kutoka upande wa shavu, kisha kutoka upande wa ulimi, mara chache kila upande, uisuuze, uiache ikauke. Kampala utaipata kwenye famasi kubwa na kliniki za meno. Kama unaishi mbali, nunua pakiti kadhaa unapokwenda mjini, au mwambie ndugu akutumie kwa basi.

Uzi wa meno unafaa, kwa tahadhari moja. Ukianza kuchanika au kuacha nyuzinyuzi, acha kuutumia hapo. Imeshaonekana kwamba mabaki ya uzi yaliyonasa kwenye sehemu ya kipandikizi yenye ukwaruzo huweza kusababisha ugonjwa uleule tunaoukimbia. Kwa sababu hiyo hiyo, uzi wa cherehani na nyuzi za gunia havifai kabisa. Kijiti cha mbao kinaacha vibanzi ndani ya ufizi. Mswaki wa mti si mbaya kwa meno mengine, lakini ncha yake usiichomeke kwenye ukingo wa kipandikizi, na usitumie mkaa wala majivu hapo.

Dawa ya meno ya kawaida yenye floraidi inatosha. Epuka zenye chembe za kukwaruza.

Kisha kusukutua. Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, glasi moja, uweke nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukutua taratibu mara 3 au 4 kwa siku, hasa baada ya kula. Chumvi haitoi ukoga uliogandamana, inatuliza tu, kwa hiyo isichukue nafasi ya mswaki.

Ukitaka kuongeza nguvu kwa muda, famasi zina dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2. Mililita 10 hadi 15, sekunde 30 hadi 60, asubuhi na usiku, kwa muda usiozidi wiki 2. Usiimeze. Ngoja nusu saa baada ya kutumia dawa ya meno, kwa sababu povu lake huipunguzia nguvu klorheksidini. Ukiendelea nayo muda mrefu meno na ulimi hugeuka kahawia, hasa kwa mnywaji wa chai na kahawa, na ladha ya chakula hubadilika. Ikikuletea vipele, uvimbe wa mdomo au pumzi kubana, acha mara moja na uende hospitali: wapo wachache wanaodhurika nayo. Kwa anayefunga Ramadhani, mara mbili hizo zinapangika vizuri, moja baada ya daku na nyingine kabla ya kulala.

Kwa usafi huu, damu inapaswa kuanza kupungua ndani ya wiki moja au mbili. Hata ikipungua, panga miadi na daktari wa meno ndani ya wiki hizo. Kioo chako hakioni mfupa.

Hatua ya nne: tafuta kilichosababisha

Usafi ukishindwa kuleta nafuu, kuna kitu kinachorudisha uchafu au kinachouchokoza ufizi. Hapa ndipo matibabu mengi hukwama, kwa kuwa mgonjwa hupewa kapsuli mara ya pili na ya tatu bila mtu kuuliza kwa nini upande mmoja tu wa kipandikizi kimoja unavimba.

*Simenti iliyobaki.* Kofia nyingi hugandishwa kwa simenti ya meno. Ikizidi hujipenyeza chini ya ufizi, hugandia pale, na ukoga hushika juu yake. Mwenyewe huioni wala huihisi. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2009 ulikuta simenti iliyozidi katika asilimia 81 ya vipandikizi vilivyokuwa na dalili za ugonjwa, na baada ya kuiondoa, asilimia 74 ya vile vilivyotibiwa havikuwa tena na dalili. Ufizi ukianza kuvimba wiki au miezi michache baada ya kofia kugandishwa, muulize daktari wako moja kwa moja: "Tumehakikisha hakuna simenti iliyobaki?" Ila usijipe moyo kwamba miaka ikipita hatari imeisha, kwa kuwa dalili za simenti huweza kujitokeza hata baada ya miaka.

*Chakula kinachonasa.* Meno ya asili husogea mbele kidogokidogo maisha yote, kipandikizi hakisogei. Baada ya miaka, nafasi hufunguka kati ya kipandikizi na jino la jirani, hata kama siku ya kwanza vilikuwa vimebanana. Nyama choma huanza kunasa, nyuzi za embe, mifupa midogo ya mukene, na msimu wa senene, miguu iliyosahaulika kutolewa. Mtu hujilaumu kwamba hapigi mswaki vizuri, kumbe ukuta umeachana. Daktari anaweza kurekebisha kofia au kujaza jino la jirani ili nafasi izibwe. Wakati unangoja, pitisha ile brashi ndogo kila baada ya mlo.

*Skrubu iliyolegea.* Dalili yake ni kijipu kidogo kwenye ufizi karibu na shingo ya kofia, kinachokuja na kuondoka, pengine na mchezo mdogo wa kofia. Bakteria wanaishi kwenye upenyo uliofunguka. Kipandikizi chenyewe kinaweza kuwa imara kabisa. Daktari akifungua, akasafisha na kukaza kwa kipimo kilichowekwa na watengenezaji, kijipu mara nyingi hufunga. Usigandishe kofia kwa supagluu. Gundi hiyo huunguza ufizi na huifanya kazi ya daktari iwe ngumu mara mbili.

*Umbo la kofia.* Kofia nene iliyokaa juu ya ufizi bila kuacha upenyo haisafishiki, hata mgonjwa awe na bidii kiasi gani. Hilo ni kosa la kifaa, na una haki ya kuomba kirekebishwe.

*Meno ya bandia yanayovaliwa juu ya vipandikizi.* Yakichubua, kidonda hutokea mahali palepale kila mara. Yavue usiku, yaoshe kwa mswaki na sabuni, yaache ndani ya maji safi, na uende yakachongwe. Usiyachonge kwa kisu wala kwa tupa ya kucha.

*Hali ya mwili.* Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kila kidonda. Kama ufizi haukubali kupona na hujawahi kupima sukari, pima. Sigara vivyo hivyo. Baadhi ya dawa hufanya ufizi ukue na kufunika kofia: fenitoini ya kifafa, na dawa za presha kama nifedipini na amlodipini. Usiache dawa hizo kwa uamuzi wako. Wenye presha hasa, kuacha ghafla ni hatari kuliko ufizi. Mwambie daktari wa meno na daktari wa presha, wazungumze.

Siku za kwanza baada ya upasuaji

Uvimbe huongezeka hadi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Ukipungua halafu ukarudi siku ya tano au ya sita, hiyo si kawaida, rudi kliniki. Mate yenye damu saa 24 za kwanza si kitu cha kuogofya. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, wala usinywe kwa mrija. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu, dakika 10 hadi 20, kisha pumzika. Chumvi na maji vuguvugu huanza siku inayofuata. Kula matoke yaliyopondwa, uji uliopoa, mayai laini. Waragi na sigara viwekwe kando, pamoja na desturi ya kusukutua kwa waragi eti inaua wadudu: inachoma kidonda.

Mshono ukiachia kidogo na kidonda kikawa wazi bila usaha wala maumivu makali, usivute uzi uliobaki. Endelea na usafi laini na umpigie aliyekuhudumia.

Wakati mwingine, wiki chache baadaye, ufizi hutoboka na chuma kidogo huonekana. Ni kifuniko cha kipandikizi. Watu hushtuka sana hapo, lakini mara nyingi si dharura. Kisafishe kwa mswaki laini mara mbili kwa siku na upeleke taarifa ndani ya siku chache. Kilicho na haraka ni kifuniko cha uponyaji kinachotokeza juu ya ufizi kikidondoka: ufizi huanza kujifunga ndani ya saa chache. Kihifadhi kwenye chombo safi, usijaribu kukirudisha mwenyewe kwani unaweza kukimeza au kukivuta mapafuni, na umwone daktari siku hiyo au kesho yake.

Kuhusu dawa

Ufizi uliovimba peke yake, mfupa ukiwa mzima, hautibiwi kwa antibayotiki za kumeza. Mwongozo wa wataalamu wa fizi wa Ulaya uliotolewa mwaka 2023 unasema hivyo: usafi wa nyumbani na usafishaji wa kliniki ndio tiba. Amoksilini na metronidazoli zinapatikana kirahisi mno kwenye maduka yetu, na kila anayezimeza bila sababu anasaidia kuzalisha bakteria wasiosikia dawa, wale ambao kesho watampata mtoto wake. Zina nafasi yake pale maambukizi yanapoenea au homa inapoingia, na hapo ni daktari anayeandika, na dozi inamalizwa.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamo 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, zisizidi 8 kwa saa 24. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula hupunguza uvimbe vizuri, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asprini iliyopondwa ikawekwa juu ya ufizi huunguza. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa nayo huunguza. Majani ya mululuuza, shubiri au bizari usiyapachike kwenye ukingo wa ufizi, kwa kuwa mabaki yake ni uchafu mwingine.

Kwenye kliniki, nini kifanyike

Daktari anatakiwa kupima kina cha ufizi kwa kipimo chembamba, kwa mkono mwepesi sana, pande zote za kipandikizi. Wako wanaoogopa kupima kwa kudhani wataharibu. Kupima kwa upole hakuharibu, na bila kupima hakuna anayejua hali ilivyo. Kisha picha ya eksirei ilinganishwe na ile ya siku kofia ilipowekwa. Kama hakuna picha ya zamani, kina cha milimita 6 au zaidi chenye damu au usaha, pamoja na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi, huchukuliwa kuwa ugonjwa umefika mfupani.

Usafishaji wenyewe hutumia vifaa vya plastiki au titaniamu, mashine ya mtetemo yenye ncha maalumu, au poda laini inayopulizwa kwa hewa na maji. Vyuma vya kawaida vya kukwangulia ugaga vinaweza kukwaruza kipandikizi, basi usione haya kuuliza vinavyotumika. Na kabla hujaondoka, omba uonyeshwe kwa kioo namna ya kupitisha brashi kwenye kipandikizi chako, maana kila mdomo una kona zake.

Ufizi ukiwa umeshuka na kijivu cha chuma kuonekana, bila damu, hakuna haraka. Kama sehemu ngumu ya ufizi ni nyembamba, chini ya milimita 2, na kupiga mswaki kunauma, daktari anaweza kushauri kupandikiza kipande cha ufizi kutoka kwenye kaakaa.

Hakikisha anayekuhudumia ameandikishwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno la Uganda. Maofisa wa meno walioko kwenye vituo vya afya vya ngazi ya nne wanaweza kukupa huduma ya kwanza, kutoa usaha na kukupa rufaa, ingawa bisibisi za vipandikizi kwa kawaida hawana. Hospitali ya Mulago ina idara ya meno, na kesi zilizokwama zinaweza kuelekezwa huko.

Kadi yako

Bisibisi ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye skrubu ya nyingine. Daktari wa Kampala anaweza kuwa hodari kabisa na bado akashindwa kukaza skrubu iliyowekwa ng'ambo kwa sababu hajui ni ya nani. Kwa hiyo dai kadi yenye jina la kampuni, modeli, upana na urefu wa kipandikizi, namba ya toleo, tarehe, na kama kofia imefungwa kwa skrubu au kwa simenti. Ipige picha, ujitumie kwenye simu na kwa mtu mmoja wa nyumbani. Kama ulirudi bila kadi, waandikie leo, wakati rekodi zako bado wanazo. Omba pia picha ya eksirei ya mwisho.

Baada ya hapo

Rudi kupimwa miezi 2 hadi 3 baada ya usafishaji. Lengo ni ufizi usio na usaha, wenye kutoka damu kwa nukta moja tu kuzunguka kipandikizi kizima, au kutotoka kabisa. Ukifika hapo, endelea na ukaguzi kila miezi 3 hadi 6 kwa mwenye kisukari, mvutaji wa sigara, au aliyewahi kupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi. Wengine, angalau mara moja kwa mwaka. Usipofika hapo, usirudie usafishaji uleule kwa matumaini tu: kofia ifunguliwe, simenti itafutwe, picha mpya ipigwe, na kama mfupa umeanza kushuka, upelekwe kwa bingwa wa fizi kabla ya mwezi mwingine kupita.